Perege wa Rutamba ni wetu, tuvue kwa ndoano na tusiwachanganye

Huku Lindi ukisema unaenda kuvua kila mtu anajua unaenda baharini, changu, tasi, pweza, na mimi bahari naipenda kabisa ila moyo wangu uko kwenye maji baridi, yaani yale maziwa yetu madogo ya bara, Rutamba, Nambawala, Mitupa, na malambo yanayojaa masika afu yanabaki na samaki mpaka kiangazi. Kuna watu wamezaliwa Lindi mjini wamekulia hapo na hawajawahi kufika Rutamba, wala hawajui kuna ziwa limekaa pembeni ya msitu wa Litipo na ndani yake kuna perege ambao nitawaeleza huko mbele kwanini nawapenda hivi.

Kwanza uvuvi wenyewe. Perege ana kinywa kidogo na hana haraka, chakula chake kikubwa ni ukoga na vitu laini vinavyooza chini, sasa wengi wanaenda na ndoano zile zile za baharini wanakaa kutwa nzima chambo kinadonolewa kinaisha wanasema ziwa halina samaki. Samaki wapo! Chukua ndoano ndogo, namba 10 au 12 (kumbuka namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, wauzaji wengine wenyewe wanachanganya), laini nyembamba, ile inayohimili uzito wa kilo mbili tatu inatosha sana, fimbo ya mwanzi ndefu kidogo, boya kata kipande chembamba cha kandambili iliyochoka, na chubwi liwe dogo kiasi cha kulisimamisha tu hilo boya. Boya likiwa kubwa perege akigusa anasikia uzito anaachia, na hapo humpati tena kwa muda.

Chambo mimi natumia ugali wa dona uliopoa, unaukanda na pumba kidogo mpaka unakuwa mgumu wa kushika kwenye ndoano, kidonge cha ukubwa wa mbaazi moja basi. Nyungunyungu nao wanafanya kazi vizuri hasa maji yakiwa yamechafuka baada ya mvua, ila ukiweka nyungunyungu jua lishazama jiandae na kambale, na kambale kwenye laini nyembamba anaondoka na kila kitu. Kabla hujatupa mwaga pumba kiganja kimoja hapo unapovulia, subiri kidogo, wakishaanza kuzoea mahali ndo utupe. Usimwage nyingi wakashiba.

Mahali pa kukaa ni ukingoni, karibu na matete au pale mayungiyungi yanapoishia, wala huna haja ya kutupa katikati ya ziwa. Asubuhi jua likishapanda maji ya magotini yanapata joto na perege wanasogea hukohuko. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kusi ikiwepo wanashuka chini na wanakula kivivu, basi ongeza urefu kati ya boya na ndoano na uwe mvumilivu zaidi. Na jamani simama nchi kavu, usiingie kwenye maji miguu mitupu kwa sababu maji yaliyotulia yenye majani na konokono ndo kwenye kichocho. Kwa wale wanaovulia mabwawa ya kando ya Ruvuma sina haja ya kuwaambia habari za mamba, mnazijua kuliko mimi.

Sasa akianza kula, boya linatetemeka tu, linacheza, hapo ndo watu wanavuta kwa nguvu wanapata ndoano tupu. Mjomba wangu ndo alinifundisha hii kitu, alikuwa ananishika mkono ananiambia "Mjomba, muache ale kwanza, huyu anaonja." Subiri boya litembee upande au lizame taratibu, afu unainua kiganja tu, hamna cha kurusha fimbo nyuma. Perege akishika anapigana kwa ubavu anazunguka duara, na kwenye laini nyembamba raha yake siwezi kuielezea!

Kuna jambo la uzazi ambalo kila mvuvi wa perege alijue. Dume anachimba shimo la duara kwenye mchanga wa maji mafupi analilinda, jike anakuja anataga hapo afu anayabeba mayai yote mdomoni, na anaendelea kuwatunza watoto humohumo wiki mbili tatu, muda huo karibu hali kitu. Kwa hiyo wa kwenye ndoano mara nyingi siye huyo mama, ndoano yenyewe inamwacha. Kokoro, ule wavu wa kukokota, na chandarua haviachi, vinazoa mama na watoto wote mdomoni na kuvuruga mashimo, na mimi nikiona chandarua kimetandazwa kwenye maji ya ukingoni naumia kweli kweli. Ukimpata mwenye mayai mdomoni mrudishe upesi majini bila kumminya.

Na sasa lile nililoahidi. Perege wa asili wa maziwa yetu haya wanaitwa perege wa Korogwe, Oreochromis korogwe, na ndugu zao walijulikana zamani kule Tanga, mto Zigi na bwawa la Mlingano. Huku kusini wataalamu wamekuja kuwatambua juzi tu, kati ya 2013 na 2016, na utafiti wa vinasaba uliotoka 2021 ukakadiria kwamba wa kwetu na wa Tanga walitengana miaka kama 140,000 iliyopita. Maana yake hakuna mtu aliyewabeba kwenye ndoo akawaleta, wako hapa tangu enzi hizo na wana damu yao wenyewe. Utafiti huohuo ukakuta machotara kwenye maziwa yote matatu, wamezaana na sato, ambaye kaletwa. Sato ni mkubwa zaidi, unaweza kumjua kwa ile mistari ya wima iliyopangana mkiani mpaka mwisho, ila chotara kwa macho anaweza kukupita usijue.

Sina chuki na sato, nikimkuta sahanini namla. Ninachoomba, na naomba kwa moyo wote, ni kwamba wenye mabwawa ya kufugia mabondeni wasimwage vifaranga vilivyobaki ziwani wala mtoni kwa kudhani wanaongeza samaki. Ziwa kama Rutamba halihitaji kuongezwa samaki, linahitaji kokoro litoke. Na kama bwawa lako liko bondeni linakotiririka maji ya masika, weka wavu wa macho madogo kwenye bomba la kutolea maji na uinue tuta kabla ya mwezi wa kumi na mbili, maana mvua kubwa ya usiku mmoja inatosha kuvusha sato wako wote mpaka ziwani, na wakishaingia huko hamna mtu atakayewatoa.

Kwa leo nina perege wanne wa saizi ya kiganja, wawili nakaanga, wawili bibi yangu kashawatengea tui la nazi na ugali wa muhogo.