Siku moja maishani mwangu: mzalishaji wa vifaranga vya kambale, Moshi

Saa kumi na moja alfajiri. Huku tambarare ya Moshi, upande wa mashamba ya mpunga, kabla ya chai napima joto la maji: nyuzi 26. Safi. Jike tuliyemdunga homoni jana saa moja usiku keshaiva. Nikimbonyeza tumbo kidogo tu, mayai yanachuruzika, madogo ya kijani-kahawia, kama ulezi.

Dume ndiye mwenye kazi. Hakamuliki, kwa hiyo anachinjwa, korodani zinatolewa na kukatwakatwa, yale maziwa yake yanachanganywa na mayai kwenye beseni kavu. Maji huja mwisho, maana mbegu zikishalowa nguvu yake ni ya muda mfupi mno. Hapo simu haipokelewi hata akipiga mama mkwe.

Saa moja asubuhi mayai yamenata kwenye nyavu ndani ya tenki. Porini yangenata kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Kule Kikuletwa na Ruvu, mito inayojaza bwawa la Nyumba ya Mungu, kambale husubiri mvua zivimbishe maji, kisha huzaa usiku ukingoni na kuondoka zake. Halei mtu. Sisi tunamdanganya kwa sindano kwamba masika yamefika. Kwa joto hili, kesho asubuhi wataanza kuanguliwa.

Saa nne, wateja wa kitoweo. Wakubwa tunawafunga kwenye gunia bichi, wanafika sokoni wazima, kwani juu ya matamvua wana kiungo chenye matawi kinachofyonza hewa ya kawaida. Ndiyo maana matope ya kiangazi hayawamalizi. Jirani yangu Msabato huja kuchukua maji ya bwawa ya kumwagilia mboga, ila samaki hagusi: hana magamba. Namuuzia perege.

Mchana nalala. Usiku nilikesha.

Saa tisa ni kuchambua vifaranga, na hapa ndipo ninapobishana na wanaosema kambale hafi. Mtoto wa kambale anakufa kwa lolote! Akianguliwa hana kile kiungo cha hewa, anategemea matamvua tu; kiini chake kikiisha baada ya siku kama tatu, asipopata chakula kidogo kinachoingia mdomoni, kwaheri. Akinusurika, analiwa na ndugu yake. Leo nimemtoa mmoja aliyemmeza mwenzake kuanzia mkiani, kichwa kimegoma kupita, kinaning'inia nje, na sharubu zake nane bado zinachezacheza. Wakubwa tenki lao, wadogo lao, na chakula mara kwa mara. Ukizembea, unabaki na wachache walionona.

Saa kumi na moja jioni kaja kijana kutoka Arusha, bwawa lake liko juu karibu na msitu wa Meru, maji ya chemchemi. Anataka vifaranga leo leo.

"Kaka, umepima joto?"

"Maji ni masafi kabisa, yanatiririka."

Usafi sikatai. Ila kwenye baridi kambale anapunguza kula na kudumaa, na huu ni Julai. Nimemwazima kipimajoto, apime alfajiri na alasiri wiki nzima. Yakiwa chini ya nyuzi 20, pesa yake akajengee tenki lenye paa la nailoni kwanza. Kaondoka kanuna kidogo, lakini kipimajoto kakichukua.