Fimbo nyuma ya mlango

Nyuma ya mlango wa chumba changu nimeegesha fimbo ndefu yenye alama za rangi. Asiyejua hudhani ni ya kuangulia maembe. Ni fimbo ya kupimia urefu, niliyokabidhiwa nilipochaguliwa kuwa mgawa dawa wa kitongoji chetu, huku wilaya ya Kilwa, kwenye kingatiba, yaani ugawaji wa dawa za kukinga matende na mabusha. Mtu anavua viatu, anasimama wima ubavuni mwake. Hajafika sentimita 90, hapewi ivermectin, mojawapo ya dawa hizo. Akifika 159, anameza vidonge vinne. Walio katikati wanapata kimoja, viwili au vitatu, kufuata rangi. Haihitaji mizani wala umeme. Imekuwa pale siku zote, ila wiki hii imenikaa machoni kwa sababu ya ujumbe wa mwanangu wa Dar.

Ni mtoto wa dada yangu, kijana mwenye akili na mwenye uchungu na nchi yake. Aliandika kwenye grupu la familia: "Shikamoo mama mdogo. Hawa wafadhili waondoke tu. Miaka yote ni uhamasishaji, fulana na soda. Hela hizo zingejenga zahanati." Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, maneno ya namna hii nayasikia kila mahali, hata kwenye kijiwe cha kahawa. Wajomba zake wakamuunga mkono palepale. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia nitajibu kwa kirefu, maana jambo hili nimelifanya kwa miguu yangu.

Mwanangu, kuhusu fulana sikubishii. Nilikuwepo. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani, na mwaka mmoja shirika moja la kimataifa lilileta maadhimisho yake kwenye shule ya msingi ya kijiji cha jirani. Yakafungwa maturubai mawili, vikapangwa viti vya plastiki, zikaja spika kubwa na jenereta, na bango lenye picha ya mtoto anayecheka huku mikono imejaa povu. Fulana zilitosha wageni, walimu, sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanafunzi wa madarasa ya juu. Mbele ya vyoo walitundika vibuyu chirizi kumi. Kama hujawahi kukiona: dumu la lita tano linaning'inizwa kwenye mti, kamba inashuka hadi kwenye kijiti, unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika bila wewe kulishika. Kitu kizuri, na gharama yake ndogo.

Ila shule ile haikuwa na maji. Ya siku hiyo yaliletwa kwa bodaboda, dumu la lita ishirini shilingi 500. Siku za kawaida kila mtoto alibeba chupa ya maji kutoka kwao, na hayohayo ndiyo ya uji, ndiyo ya choo.

Watoto wakapanga mstari kufundishwa hatua za kunawa. Mimi nilikuwa karibu na wasichana wadogo. Mmoja, darasa la pili hivi, aliosha viganja vyote viwili, akapitisha vidole kati ya vidole, halafu bila kufikiri akasukutua, akapandisha maji puani. Mikono yake ilikuwa imeshika njia ya udhu. Mwezeshaji, kijana mpole kabisa, akamshika bega: "Hapana mdogo wangu, mikono tu." Mtoto akaona haya. Mimi ndiyo nikaona haya zaidi. Huyu ni mtoto wa chuo cha Qur'ani, anatawadha tangu hajajua kuandika jina lake. Kuhusu kunawa hapakuwa na neno jipya la kumwambia. Alichokosa kilikuwa bomba.

Nilipopita baada ya wiki mbili, madumu saba hayakuwepo. Yalikuwa yamekwenda kutekea maji majumbani, na sikuweza kumlaumu mtu. Mabango ndiyo yaliyodumu. Siku ya maadhimisho, nilipokuwa nasaini posho yangu ya shilingi 10,000, niliiona karatasi nzima ya malipo: magari matatu na mafuta yake, malazi ya siku mbili mjini Kilwa Masoko, posho za wageni, mpiga picha, ukumbi wa kikao cha maandalizi. Usiku nilikaa na daftari la mtoto nikapiga hesabu ya tenki la lita 5,000 na mifereji ya kuvuna mvua kwenye paa la jengo moja la madarasa. Ilitosha, na chenji ingebaki. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza.

Kwa hiyo ungeniuliza usiku ule, ningekujibu kama unavyosema wewe. Lakini nimeona na upande wa pili, na huo ndio unaonifanya nikuandikie.

Matende na mabusha yanaletwa na minyoo myembamba kama uzi, inayobebwa na mbu kutoka mtu hadi mtu. Hapa pwani watu hawakulijua hilo. Busha, tuliambiwa tangu utotoni, linatokana na kunywa madafu mengi. Wengine walisema mtu kachezewa. Ukiamini hivyo, kidonge kitakusaidia nini? Serikali ilianza kugawa dawa hizi mwaka 2000, kwa jirani zetu wa baharini, kisiwani Mafia, ndipo zikaenea sehemu nyingine. Na dawa zenyewe hazinunuliwi: ivermectin inatolewa msaada na kampuni ya Merck, albendazole inatolewa na GlaxoSmithKline. Kwa hiyo unaposema hela iende kwenye dawa isiende kwenye maneno, kwenye ugonjwa huu dawa ipo tayari. Kinacholipiwa ni kuitoa bohari hadi kooni mwa mtu, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo, kutoka kiganjani hadi mdomoni, haisafiriki kwa gari.

Mwaka wangu wa kwanza tulipewa semina ya siku moja, vidonge, daftari na fimbo. Kwa wananchi hapakuwa na maelezo yoyote zaidi ya bango pale ofisi ya kijiji. Nilipita nyumba kwa nyumba na watu walinipokea vizuri, wakanikaribisha kiti, wakapokea dawa, wakasema watameza wakishakula. Nikawaandika kwenye daftari wote wamemeza. Siku ya tatu ilinyesha mvua. Nikapita nyuma ya nyumba moja, chini ya mkorosho, nikaona vidonge vyeupe vimelala mchangani, vingine vimeanza kuyeyuka kama unga wa muhogo. Nilivihesabu: kumi na vitano. Nyumba nzima. Nilichuchumaa pale nikavifukia kwa mkono, kwa sababu sikutaka kuku wavidonoe na sikutaka mtu mwingine aone.

Nilipowauliza, tena kwa upole, nikaambiwa mambo ambayo semina haikuniambia. Baba mmoja alikuwa amemeza mwaka uliotangulia, usiku akapata homa, kichwa kikamgonga, akaamini kawekewa sumu. Kumbe mtu mwenye minyoo mwilini, ikianza kufa ndipo anapojisikia hivyo, na hupita baada ya siku moja au mbili. Hakuna aliyemwambia kabla. Mzee mwingine alikuwa na busha la miaka mingi, kasoma kwenye bango kwamba dawa inatokomeza mabusha, akameza, akasubiri lipungue. Halikupungua, na halipungui kwa vidonge. Dawa inaua vijidudu vichanga vilivyo kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa mwingine. Busha lililokwisha kukua linataka upasuaji. Mzee wa watu alijiona kadanganywa na serikali mbele ya wajukuu zake.

Halafu kulikuwa na ule upimaji wa usiku. Vijidudu hivi hujitokeza kwenye damu ya juujuu usiku, kwa hiyo wataalamu walikuja na taa saa nne usiku kuchoma watu vidole. Wewe umezaliwa mjini, lakini muulize mama yako: watu wageni, gari, usiku, damu. Pwani yote inajua jina lake. Mumiani, wanyonya damu! Milango ilifungwa kitongoji kizima, na nisingeweza kusema watu ni wajinga. Mimi mwenyewe nilikua nikitishwa na mumiani.

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika, na ni fedha za wafadhili haohao zilizobadilisha. Kabla vidonge havijafika tulilipwa siku nne za kuzunguka bila kitu mkononi, kueleza tu. Hapakuwa na fulana hata moja. Mpiga mbiu alipita jioni. Ustadhi aliruhusu tuzungumze baada ya sala ya Ijumaa, na muuguzi wa zahanati akajibu maswali mpaka magharibi ikaadhiniwa. Tulisema homa inaweza kuja na inamaanisha nini. Tulisema wazi kwamba busha halitatoka kwa kidonge, na kwamba anayelitaka liondoke ajiandikishe kwa ajili ya kambi ya upasuaji. Tulisema madafu hayana kosa, watu wanywe madafu yao. Hapo walicheka, na mtu akicheka nawe anaanza kukuamini. Nilipokuja na vidonge, nilibeba na ndoo ya maji na kikombe, kila mtu akameza mbele yangu. Wataalamu wanataka watu wasiopungua 65 kati ya kila 100 wa eneo zima wameze, tena mwaka baada ya mwaka kwa miaka isiyopungua mitano, kwa sababu minyoo mikubwa inaishi muda mrefu mwilini ikiendelea kuzaa. Huwezi kuifikia idadi hiyo kwa watu wanaozika vidonge chini ya mikorosho.

Unaweza kusema hicho ni kitongoji kimoja. Basi kumbuka Morogoro, 2008. Watoto wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo ya tumbo. Dawa salama, zinazotumika duniani kote, ila zinaweza kumletea mtoto kichefuchefu na kumtapisha, hasa akiwa hajala. Wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, watu wakakimbilia shuleni, zikazuka vurugu mbele ya walimu. Kama waandaaji walibana matumizi ya kukaa na wazazi, walichookoa kiliwarudia kama hasara, na aliyelipa zaidi ni mtoto mwenye kichocho ambaye mzazi wake sasa hataki kusikia neno dawa.

Chandarua ndicho kilichonionyesha tofauti hii kwenye mwili wangu mwenyewe. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili nilipewa Hati Punguzo kliniki, ile vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu ukiongeza kiasi kidogo mwenyewe. Redio ilikuwa imeshaniambia yote: mbu, malaria, mama mjamzito. Niliijua malaria kuliko aliyekuwa akiisema redioni. Lakini nyongeza ile sikuwa nayo. Vocha ilikaa ndani ya sanduku la kanga mpaka nikajifungua. Magharibi mwa Kenya watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilipima jambo hilohilo kwa kinamama wa kliniki, wakachapisha matokeo mwaka 2010: bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 tu za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa asilimia 60. Na hawakuona dalili kwamba waliopewa bure walikitumia chini ya walionunua. Kinamama wale hawakuhitaji tangazo jingine. Walihitaji mtu aondoe bei. Huku kwetu vilipokuja kugawiwa bure kwa kila kaya, mwaka 2011, maneno machache yalitosha: kining'inize kivulini siku nzima kabla ya kukilalia, kisikuwashe. Hilo lilikuwa jipya kwetu, na kitu chenyewe kilikuwa mkononi.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe kwamba yote yaondoke. Ningetaka zile siku nne za kuzunguka zibaki, hata kama ni halmashauri yetu ndiyo itakayozilipia, na ningeiomba iziweke kwenye bajeti kabla ya magari. Maturubai yaende. Na kabla ya kutuma mtu kutufundisha jambo, wamuulize muuguzi wa zahanati, au hata mimi, kama watu hawalijui kweli au wanalijua na kukosa uwezo.

Ulitaja zahanati. Nakubaliana nawe, tunaihitaji. Lakini yule mzee wa busha alikaa kilomita mbili kutoka zahanati kwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuingia, kwa sababu hakujua kwamba ugonjwa wake unapasuliwa. Alijiandikisha baada ya ile jioni ya msikitini. Nilimsindikiza mimi hadi hospitali pamoja na mwanawe. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, kashika ukuta wa nyumba, na kilichoniliza ni suruali. Miaka yote tulimwona na msuli uliofungwa kwa mbele, hata kwenye harusi ya binti yake. Siku ile alikuwa amevaa suruali ya kijivu ya mwanawe, imemzidi kimo, ameikunja chini mara mbili.

Msimu wa dawa uliofuata nilifika upande wa msikitini saa tatu asubuhi na fimbo yangu. Alikuwa ameshawatoa watu barazani, wamepanga mstari, na ndoo ya maji ameijaza mwenyewe.