Kuliko wengi

Leo siku ya nne, na maneno mawili bado yananikwaruza: "kuliko wengi."

Mama ametoka hospitali, ofisini tumeletewa mkuu mpya, shemeji ameshahamisha vitu vyake. Yote hayo yamepita kama upepo. Mimi bado niko jikoni, Alhamisi usiku, mdogo wangu anafuta sahani, tunazungumzia riwaya ya No Country for Old Men ya Cormac McCarthy, ambayo hatimaye ameimaliza (mnajua nimemsumbua miezi mingapi).

"Yule muuaji, Chigurh, ni shetani," nikasema.

"Lakini hasemi uongo, dada. Akisema, ametenda. Ahadi ni deni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni afadhali kuliko wengi."

Akaiweka sahani kabatini, taratibu, bila kunitazama. Angenitazama ningejua.

Usiku ule sikulala, nilikuwa namjibu kichwani. Texas, 1980. Anton Chigurh anazungumza kwa simu na Llewelyn Moss, aliyeondoka na fedha za wauza dawa za kulevya: niletee fedha, wewe utakufa vyovyote vile, ila mkeo nitamwacha; usipoleta, naye atakufa. Moss anakataa. Baadaye Moss anauawa na watu wengine kabisa, na kitabuni fedha zinapatikana na kurudishwa kwa mwenyewe. Yamekwisha. Bado Chigurh anakwenda kumngoja Carla Jean, binti wa watu ambaye ndiyo kwanza anatoka kuzika, kwa kuwa alishampa mumewe neno lake.

Hiyo ndiyo ahadi! Jamani, deni lina mwenye kudai. Hapa anayedai nani? Moss kafa, na hakuwahi kuomba mkewe auawe. Aliye hai, aliyeketi mbele ya muuaji, anasihi asilipwe. Kile kilikuwa kitisho tangu mwanzo, kimevishwa tu nguo ya ahadi. Anachokitimiza Chigurh ni picha yake mwenyewe machoni pake.

Na ile sarafu nayo, anayoirusha Chigurh na kumtaka mtu abashiri upande, akikosa anauawa. Mzee wa kituo cha mafuta, kwenye filamu ya 2007 iliyotokana na kitabu hicho, anatazama karatasi ya korosho ikijikunjua polepole juu ya kaunta, hajui kwamba roho yake ndiyo inayochezewa. Anapopona anaambiwa asiitie mfukoni sarafu ile ya 1958 isije ikachanganyika na nyingine. Kwa Carla Jean ndipo penye jibu langu. Kitabuni anataja upande wa kichwa, anakosa, anakufa. Kwenye filamu anakataa kuchagua: sarafu haina kauli, anamwambia, mwenye kauli ni wewe. Nilipofika hapo ilikuwa saa tisa usiku, nimekaa kitako kitandani, moyo unanidunda kwa furaha, nataka nikamwamshe mdogo wangu nimwambie.

Miguu ilishagusa sakafu nilipokumbuka mahafali yake.

"Kazi ilinibana." Hivyo ndivyo nilivyomwambia siku ile. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi wiki hii, na kila nikiitazama mimi simo ndani yake. Imo kazi tu, kazi ndiyo iliyoamua. Kumbe mkutano ule ningeweza kuomba usogezwe. Sikunyimwa ruhusa, sikuiomba. Mama alinisimulia kwamba kiti changu alikiwekea mkoba wake mpaka sherehe inakwisha, watu wamesimama ukutani, yeye anawaambia kina mtu.

Deni hili mwenyewe yupo. Analala chumba cha pili, na hajanidai hata siku moja.

Jana nilimfuata uani. Kitabu sikukitaja. Nikamwambia, "Siku ile ningeweza kuja."

Akanyamaza kitambo. "Najua, dada." Kisha akaniuliza kama nimeona chaja yake.

Kama ule "wengi" ulinihusu au haukunihusu, sikumuuliza. Tuliitafuta chaja, tukaikuta chini ya mto wa Mama, tukacheka wote watatu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mahafali.

Jioni hii mwanangu amekuwa akisoma huku amefumba jicho la kushoto. Nimemwona mara tatu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema akifungua yote mawili, herufi zinakuwa mbilimbili.