Nilivyopata rangi sawasawa kwenye uzi wa nailoni

Mimi nafuma mikoba kwa uzi wa nailoni, mteja akitaka rangi ambayo haipo dukani nanunua uzi mweupe natia mwenyewe. Kazi ni rangi iwe sawa toka mwanzo wa uzi mpaka mwisho, maana kwenye mkoba baka dogo tu linaonekana toka mbali.

Kwanza jamani aina ya rangi. Zile za batiki za kostiki ni za pamba, nailoni inataka rangi za asidi, zilezile za sufu, zinashika kwa siki na moto. Poliesta ni habari nyingine kabisa, viwandani wanaipika kwenye mtambo wa presha nyuzijoto kama 130, mi nyumbani siigusi.

Nailoni ina pupa, ikikutana na rangi na siki kwenye maji ya moto inafyonza hapohapo, wa nje unashiba wa ndani unakosa. Kwa hiyo mi naichelewesha. Donge nalifungua lote nazungushia migongo ya viti viwili, nafunga sehemu nne kwa kamba iliyolegea, ilegee kweli kidole kipite, ukikaza tu hapo chini ya kamba panabaki peupe. Halafu naloweka na tone la sabuni mpaka ulowe wote.

Sufuria kubwa (isiyopikiwa chakula tena), uzi gramu 100 kwa maji lita 4, uogelee. Rangi nayeyusha pembeni, nachuja kwa kitambaa, chembe moja tu inaacha doa. Maji yakiwa vuguvugu namimina rangi nakoroga ndo natumbukiza uzi, siki bado. Moto napandisha taratibu dakika 45 hivi mpaka karibu kuchemka, muda wote nageuza. Siki vijiko viwili vya chakula naigawa mara tatu, na kila nikitia nautoa uzi kwanza, nakoroga, narudisha. Hii ndo imenisaidia kuliko zote. Maji yakitakata bado siutoi, naacha nusu saa nyingine motoni, halafu upoe humohumo.

Zambarau ya kuchanganya nyekundu na bluu inasumbua, hazishiki kwa mwendo mmoja, natafuta poda moja isiyochanganywa. Na uzi wa mkoba mzima nanunua kwa mkupuo wenye namba ya loti moja (yaani fungu moja la kiwandani), maana nailoni za loti tofauti zinaweza kunywa rangi tofauti hata kwenye sufuria moja, unafuma unaona mistari.