Asali Ilipoganda Mbeya

Julai ikiingia tu, simu yangu huanza: "Kaka, mbona imeganda?" Ya kwanza kwa mwaka huu imeingia jana usiku kutoka Njombe, na picha ya chupa juu yake. Nimemjibu dada wa watu, akaridhika, akalala zake. Mimi usingizi ulikata, maana swali hilohilo ndilo lililonifundisha kuuza mtandaoni, mwaka 2018.

Wakati huo baba mdogo alikuwa ananitumia madumu ya asali kwa basi kutoka Sikonge, Tabora, nami nafungasha chumbani Mabibo, Dar es Salaam. Darasa langu lilikuwa YouTube, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Walimu wote Wamarekani: chagua umri wa mteja, chagua mji, weka bajeti, lipia. Nikafanya hivyo hivyo. Nikalipia tangazo la Instagram, nikalenga Dar es Salaam na Mbeya, wanawake wa miaka 25 hadi 45. Laiki zikaja. "Bei?" zikaja. "Mikoani mnatuma?" Tunatuma. Ukishataja bei, kimya.

Wale walimu hawakugusia kabisa jambo ambalo kwetu liko wazi: unamwomba mtu atume hela kwenye namba ya simu ya asiyemjua, kisha asubiri basi. Kwenye asali hofu ni maradufu, kwa sababu nani hana ndugu aliyewahi kuuziwa sukari guru iliyochemshwa?

Mama mmoja wa Mbeya alithubutu. Akalipia dumu la lita tano, likapandishwa basi pale Ubungo, likafika. Siku si nyingi akaandika chini ya picha yangu, hadharani: "Asali gani inaganda kama samli? Umenichanganyia sukari. Nirudishie hela yangu."

Rafiki yangu anayejua mambo ya mtandao akaniambia futa, mbloki, wengine wasione. Nafsi ilikataa. Mtu aliyeniamini bila kuniona nimfungie mlango? Nikampigia baba mdogo. Kule kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi, kwa hiyo nilimsubiri apande.

"Huyo mama yuko wapi?"

"Mbeya, baba."

"Mbeya na baridi hii? Lazima igande. Aiweke kwenye maji ya moto."

"Nikimwambia mimi ataona najitetea. Mwambie wewe."

Akarekodi sauti, akanitumia kwa WhatsApp. Hadi leo ninayo. Upepo unavuma, jogoo anawika katikati, naye anaongea taratibu kama yuko barazani kwa huyo mama. Anamwamkia kwanza. Anataja jina lake, la baba yake, na kijiji. Anaeleza kwamba mizinga ni ya magome, imetundikwa kwenye miyombo, na kwamba asali ya mwaka huu ameirina yeye mwenyewe na wanawe. "Sijatia kitu, mama yangu. Chukua beseni, tia maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, weka dumu humo. Usichemshe, utaiua. Ngoja." Kisha anakaa kimya kidogo, nadhani akitafuta la kuongeza, anamalizia: "Ikikataa kuyeyuka, mimi nitakurudishia hela."

Nilimtumia yule mama sauti ile. Halafu nikachukua chupa yangu iliyoganda, nikaiweka kwenye beseni mbele ya dirisha, nikarekodi video: weupe unaachia pembeni kwanza, rangi ya kahawia inarudi, viputo vinapanda. Nikaweka sauti ya baba mdogo juu yake, nikaposti. Komenti ya yule mama sikuigusa.

Kesho yake akajibu palepale alipolalamikia. Picha ya dumu, na maneno machache: "Imeyeyuka. Mwambie mzee nimemsikia."

Wiki ile wale wa "bei?" walirudi mmoja mmoja, safari hii na miamala. Baadaye nikasoma kwamba asali halisi huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo, hasa penye baridi, na nikawa naandika hivyo kwenye kila lebo.

Vijana wakiniuliza waweke shilingi ngapi kwenye tangazo, najua la kuwajibu. Tangazo linamfikisha mtu mlangoni, na ni kazi kubwa hiyo. Kinachomfanya aingize namba ya siri na kutuma hela ndicho bado nakihangaikia. Nimejaribu kuirudia ile video mara kadhaa, mwanga mzuri, baba mdogo kavaa shati safi, kaelekezwa la kusema. Watu wanaisifu, ila hawanunui kama wakati ule. Labda Instagram yenyewe imebadilika. Au labda watu wanatambua kwa masikio tu mzee anayemjibu mtu na mzee anayetangaza.