Ukuta Usio na Vijidole

"Mama, mbona unaitwa utumbo mwembamba na ndio mrefu kuliko ule mnene?"

Binti yangu aliniuliza hivyo jana usiku, daftari la sayansi limejaa kamba aliyoichora ikijizungusha tumboni mwa mtu asiye na uso. Nikamwambia jina limetokana na upana. Akaendelea kuchora, na ukuta wa ndani akauchora laini kama bomba. Hapo nikamshika mkono.

Ukuta wa namna hiyo nimewahi kuuona. Ulikuwa wangu.

Miaka ile nilikuwa mgonjwa: kuharisha, kukonda, damu pungufu kila nikipimwa, vidonge vya madini ya chuma visivyofua dafu, na daktari aliyeniambia nipunguze mawazo. Mwishowe daktari mwingine akapitisha mpira wenye kamera kooni mwangu, akanyofoa vipande vidogo mno vya utumbo.

Siku ya majibu, mama mmoja wa maabara aliyekuwa akiutafiti ugonjwa huu aliniuliza kama ningependa kuona. Nikainamia hadubini.

"Hiki ni cha mtu mwenye afya," akasema.

Rangi ya waridi na zambarau. Vijidole vyembamba vimesimama bega kwa bega, kimoja hakifiki hata milimita mbili, na ndivyo vinavyofyonza chakula kiingie mwilini. Nilivitazama nikasahau kilichonileta. Akabadilisha kioo. Nikadhani hajakiweka sawasawa, nikazungusha kirekebishi, nikazungusha tena. Uwanja mtupu. Vijidole hakuna; vimebaki vishimo vya chini, vimerefuka, na vinukta vyeusi vya chembe za kinga vimejaa kila mahali.

"Hiki ndicho chako, dada."

Sikuinua kichwa, nisije nikaonekana ninalia. Miaka sita nimeambiwa sina kitu. Kumbe kitu kilikuwapo, na kinaonekana kwa macho.

Mengine yalikwenda haraka. Ugonjwa ni siliaki. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo kwenye baadhi ya nafaka, kwa hiyo niache ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Akanipa moyo: chembe za ukuta ule huzaliwa upya kutoka kwenye vishimo kila baada ya siku chache, ingawa vijidole kusimama tena huchukua miezi, pengine miaka. Vyangu vilisimama.

Jana nikamsimulia binti yangu yote, pamoja na habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi niliyesimuliwa siku ile ile. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki aliokuwa akiwatibu wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Mwaka 1950 akatoa tasnifu yake kuhusu jambo hilo. Huwa naisimulia hadithi hii kwa shukrani, maana afya yangu imetoka humo.

Binti yangu akafikiri kidogo.

"Na wale watoto wengine, mama, ambao hawakuwa wagonjwa? Wao walikula nini?"

Nikamwambia wengi walikosa chakula, na watu wengi walikufa. Sikupata la kuongeza. Akachukua kifutio, akaufuta ukuta laini, akaanza kuchora vijidole, kimoja kimoja.