Shnorer wa Borough Park

Mlango wa mzee ninayemtunza hapa Borough Park, Brooklyn, jijini New York, hugongwa karibu kila jioni. Huja wanaume wa makoti meusi, na barua iliyokunjwakunjwa ya kuthibitisha shida: huyu anaozesha binti, yule ana mgonjwa. Mzee ana bakuli la noti za dola moja kando ya mlango. Huchukua noti, akainyoosha kwa kidole gumba, akampa mtu. Binti yake akiwepo hunong'ona, "Shnorer mwingine." Mzee hununa.

Shnorer, yaani ombaomba, ni neno la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, ambao ni wengi mtaani humu. Mimi nilijua ni doezi, yule anayebisha hodi ubwabwa ukiepuliwa. Na wiki ile nilikuwa na hasira zangu. Binamu yangu wa Tanga alinipiga mzinga wa ada ya chuo cha ushonaji, nikatuma dola 100. Jumamosi namwona WhatsApp, sahani ya nyama choma mbele yake. Nikamwambia mzee, huyu ndiye shnorer.

Akanipa hadithi ya kwao ya zamani. Shnorer alikopa kwa tajiri, siku hiyohiyo akakutwa hotelini anakula samaki wa bei mbaya. Tajiri akafoka. Akajibiwa: "Nikiwa sina hela, siwezi kula samaki. Nikiwa nazo, nisile. Sasa nile lini?"

Nililala na swali hilo. Miaka yote hii nabeba boksi, sijawahi kujiuliza binamu yangu ale lini.

Kutoa huko mzee hukuita tsedoke. Ni ndugu wa sadaka yetu, shina moja la Kiebrania na Kiarabu. Kwao shina hilo limebeba haki. Kwetu limezaa sadaka na kusadiki. Ndiyo maana shnorer haombi kwa kujikunyata: anajua anachopewa kina fungu lake. Doezi, kupe, mnyonyaji, maneno yetu yote haya yanamvua mtu nguo. Wapo wanaostahili, sikatai. Nimeishi na mtu miezi mitatu, ana kazi yake, hajanunua hata chumvi. Lakini binamu anayetafuta ada si kupe, na niliyemwita hivyo ni mimi.

Mzee akanitajia pia Musa bin Maimun, tabibu na mwanazuoni wao aliyefia Misri mwaka 1204. Alipanga sadaka ngazi nane. Ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kabla hajaanguka: umkopeshe, ushirikiane naye biashara, au umpatie kazi, asihitaji tena kuomba.

Jumapili nikapiga simu Tanga. "Shikamoo dada," akaitikia, sauti ya mtu anayesubiri kugombezwa. Sikutaja nyama. Nikamuuliza cherehani ya miguu siku hizi bei gani.

Kimya. Kisha akasema, "Dada, unauliza kweli?"